Mtoto Mchanga na Mwanga: Hofu Zetu na Ukweli

"Mwanangu, usifungue dirisha, utamharibu mtoto macho." Maneno haya nimeyasikia Kongwa na Chamwino, na juzi nikayakuta kwa bibi wa mtoto, nyumbani kwa wifi yangu hapa Dodoma mjini. Mtoto ana siku kumi na moja. Saa nne asubuhi blanketi zito limetundikwa dirishani, na mzazi anabadilisha nepi kwa tochi ya simu.

Hofu ya bibi inatoka kwenye upendo, lakini mambo ni kinyume. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bado haijakomaa kwa mtoto mchanga. Akiwa na mwezi mmoja, mwanga sharti uwe na nguvu kama mara 50 ya ule unaomtosha mtu mzima ndipo autambue. Akifika miezi mitatu, kama mara 10. Akifinya macho ukisogeza pazia, anajikinga tu, na mboni nazo zinasinyaa. Mwanga wa kawaida wa mchana haumdhuru, na ndio unaomzoesha kutofautisha usiku na mchana. Jua lenyewe la Dodoma, lile la saa saba, ni habari nyingine: mtoto mweke kivulini, na asilazwe akilitazama.

Giza lina hatari ambayo wengi hatuifikirii: linaficha ugonjwa wa manjano. Mtoto anaweza kuanza kugeuka rangi ya macho na ngozi, na kwenye chumba cha tochi hakuna atakayeona.

Wengine husema mtoto haoni mpaka atimize arobaini. Anaona tangu siku ya kwanza, ila kwa ukungu, na vizuri zaidi kwenye sentimita 20 hadi 30, karibu sawa na umbali wa ziwa na uso wa mama. Ndiyo maana akinyonya anakukodolea. Rangi zinamkaa sawasawa kuanzia miezi minne au mitano.

Macho kupishana pia huwatia watu hofu ya makengeza. Miezi mitatu ya mwanzo hutokea, yanakuja na kwenda. Yakiwa yamepinda muda wote, au yakiendelea baada ya mwezi wa nne, nenda kliniki.

Nisilolionea aibu kulikemea ni kumpaka mtoto wanja. Baadhi yake una madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Maziwa ya mama nayo si dawa ya jicho. Tongotongo nyingi na kope kuvimba katika mwezi wa kwanza ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu vijidudu vya kisonono alivyovipata akizaliwa vinaweza kumpofusha haraka. Ukiona weupe ndani ya mboni, usisubiri pia.

Kwa wifi, bibi alikubali tulishushe blanketi. Tukamsogeza mtoto karibu na dirisha, tukamtazama macho vizuri. Sehemu nyeupe ya macho ilikuwa nyeupe, haina manjano.