Pamakacha si jina jipya la kilimo hai

Siku hizi kila penye gunia la mchicha, pipa la mboji na bango la mradi, tunaambiwa hapo pana pamakacha. Hapa Mwanza, Buswelu wanasema hivyo, Malimbe wanasema hivyo, na maana inayotolewa ni ileile: kulima bila dawa za dukani wala mbolea ya chumvichumvi. Jambo hilo lina jina lake la siku nyingi, kilimo hai, na ni jambo jema. Pamakacha ni kitu kingine.

Kwa ufupi, pamakacha (kwa Kiingereza permaculture) ni usanifu wa mahali ambapo watu wanaishi na kupata chakula, unaopanga maji, udongo, miti, mifugo, majengo na njia ili kila kimoja kimfae mwenzake na kazi ya kupatunza izidi kupungua. Waliouanzisha ni Bill Mollison na David Holmgren, huko Australia, miaka ya 1970. Misingi yake ya maadili ni mitatu: kutunza ardhi, kutunza watu, kugawana ziada.

La kushika hapo ni usanifu. Kilimo hai kinauliza umeweka nini shambani. Pamakacha inauliza umeweka wapi, na kwa nini pale. Ekari nzima ya kabichi ukingoni mwa ziwa, samadi ikiletwa kwa toroli kutoka mtaa wa pili na maji yakichotwa kwa ndoo, yaweza kuwa kilimo hai kisicho na dosari. Usanifu haumo hata chembe. Tena pengine mwenye nayo ana kesi ya kujibu, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Ndiyo maana kozi yenyewe ya usanifu, ambayo kipimo chake kinachojulikana duniani ni saa 72, ina kupanda kidogo na kuchora kwingi. Kikundi cha mtaa kinaweza kuzigawa katika Jumamosi 12 za saa sita sita. Mwishoni mshiriki anawasilisha ramani ya kiwanja halisi mbele ya wenzake na kuitetea. Asiyechora hajamaliza, hata kama mboji yake inanukia vizuri.

Mpangilio wa kazi unaanza na kile kisichobadilika na kuishia na kile kinachobadilika kirahisi: mvua, mteremko na upepo kwanza, kisha maji, njia, majengo, miti, na mchicha mwisho kabisa. Anayeanza na mchicha atakuja kulikata tuta katikati siku atakapogundua kwamba njia ya kwenda bombani inapita hapo.

Mteremko hupimwa kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, fito ya kukingama katikati, kamba na jiwe. Simamisha fremu, weka alama pale kamba inapogusa fito, geuza miguu ibadilishane mahali, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa: kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili imekanyaga kimo kimoja. Makosa ni mawili. Fundo likilegea, alama ya jana haifai tena, lazima usawazishe upya. Na mchana upepo wa ziwani hulichezesha jiwe hadi mtu anakisia, kwa hiyo pima asubuhi au tumia jiwe zito zaidi.

Baada ya kupima, wengi hukimbilia kuchimba mitaro ya kontua, yaani inayofuata mstari wa kimo kimoja, kama walivyoona kwenye video. Kwenye miteremko ya Igogo au Mabatini, ambako udongo ni mwembamba juu ya mwamba, mtaro wa namna hiyo ni hatari: maji yaliyozuiwa huzama hadi kwenye mwamba, hulainisha udongo, na vyote viwili huteremka kwa jirani wa chini. Hapo panafaa mistari ya mawe inayofuata kontua, inayopunguza kasi ya maji bila kuyatuamisha. Mawe Mwanza hayanunuliwi kwa shida.

Maji ya paa ni hesabu ya darasa la nne. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa linalofunika mita 6 kwa 10, mvua moja ya milimita 30, ni lita 1,800. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 1,440. Tenki lako ni la lita 1,000. Kilimo hai hakina neno kuhusu zile 440 zinazofurika na kuchimba msingi wa nyumba. Msanifu ndipo anapoanzia kazi: bomba la ziada linaelekezwa kwenye shimo la migomba, upana mita 2, kina karibu mita 1, mbali na ukuta, likajazwa majani na mabua hadi lifanye kichuguu, migomba minne au mitano ukingoni, papai moja, viazi vitamu vikifunika udongo. Shimo likiachwa tupu linazalisha mbu, na wenye nyumba wataifukia pamakacha yako kabla ya ndizi kukomaa.

Kanda, yaani sehemu za kiwanja zinazopangwa kwa jinsi unavyozifikia mara kwa mara, nazo huchorwa vibaya, duara ndani ya duara kama shabaha. Kanda 0 ni nyumba, kanda 5 ni pori lisiloguswa, na kinachozitenganisha ni idadi ya safari. Kama mguu wako unapita kila siku kati ya mlango na banda la mbuzi, basi ukanda mrefu ule wote ni kanda 1, hata ukiwa mita 40 kutoka jikoni, na uchochoro wa nyuma ya choo usiopitwa na mtu ni kanda 3.

Tena vitini vya Australia husema upande wa kaskazini ndio wenye jua. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta: Juni jua liko kaskazini, Desemba liko kusini, na ukuta unaochoma mwaka mzima alasiri ni wa magharibi. Mti wa kivuli upandwe huko.

Wala si ugeni mtupu. Kisiwani Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, wakulima walifuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakarudisha samadi kwenye mashamba ya ngazi za mawe, zamani kabla neno hili halijazaliwa.

Kwa hiyo kama mafunzo uliyohudhuria yalikuwa ya mboji, matandazo na dawa ya muarobaini na pilipili, ulisoma kilimo hai, na ulisoma kitu cha maana. Kabla ya kulipia yanayofuata, muulize mwalimu ni siku gani mtapima mteremko, na ni kiwanja cha nani mtakachochora. Akikujibu kwamba mtaanza na kitalu, nenda tu ukajifunze. Ila ukirudi nyumbani, useme ulikuwa kwenye kilimo hai.