Je, wajua kwa nini programu inayofuatilia logi (faili za kumbukumbu za matukio ya kompyuta) hunyamaza ghafla bila kuharibika?

Niliwahi kuunga kijiprogramu cha kusoma auth.log, faili inayorekodi majaribio ya kuingia, kwenye seva ya Linux na kupiga kengele mtu akibahatisha nywila mara nyingi mno. Mchana kilifanya kazi vizuri. Ikipita saa sita usiku, kimya, na asubuhi faili imejaa majaribio ya wezi.

Nililaumu ruwaza ya kutafutia maneno. Nikaibadilisha, nikazima na kuwasha kijiprogramu, kengele zikarudi. Nikajipongeza. Usiku uliofuata, kimya tena. Nikabadilisha ruwaza nyingine, nikazima, nikawasha, ikapona. Ruwaza haikuwa na kosa tangu mwanzo. Dawa ilikuwa kule kuzima na kuwasha, nami sikuliona hilo kwa sababu niliamini kwamba programu husoma faili kwa jina lake. Sivyo. Jina hutumika mara moja tu, wakati wa kufungua. Baada ya hapo programu hushikilia faili yenyewe, ambayo Linux huitambua kwa namba iitwayo inodi. Ukiandika ls -i utaiona namba hiyo kando ya jina.

Fikiria daftari la wageni getini. Juu ya jalada kuna karatasi iliyobandikwa: "Wageni". Karani ameketi, kidole kwenye mstari wa mwisho, anangoja mgeni afuatae. Usiku anakuja mtu, anabandua karatasi, anabandika nyingine isemayo "Wageni wa zamani", kisha anaweka daftari jipya mezani na kulibandika "Wageni". Mlinzi anaambiwa aandike kwenye jipya. Karani haambiwi kitu. Kidole chake bado kiko kwenye daftari lilelile, na kwa upande wake usiku umekuwa mtulivu sana.

Mbadili daftari ni logrotate, programu ya kubadilisha faili za logi zinapozeeka: auth.log inakuwa auth.log.1, kisha inaundwa auth.log mpya. Mlinzi ni rsyslog, programu inayoandika logi, ambayo hutumiwa ishara ya HUP ili ifungue faili upya. Karani alikuwa tail -f, amri ya kungoja mistari mipya mwishoni mwa faili, ndani ya kijiprogramu changu. Tiba ni herufi moja: tail -F, kwa herufi kubwa, hufuata jina na kufungua upya faili ikibadilishwa.

Si kila kimya kina chanzo hiki, lakini. Huenda faili mpya imeundwa kwa ruhusa ambazo msomaji hana. Na hata programu zinazokumbuka inodi, kama Filebeat (chombo cha kukusanya logi) inapopangwa hivyo, huweza kuchanganyikiwa, kwani namba ya faili iliyofutwa inaweza kupewa faili nyingine. Chaguo la copytruncate la logrotate hunakili faili kisha kuimwaga ileile, hivyo inodi haibadiliki. Ila mistari inayoandikwa kati ya kunakili na kumwaga inaweza kupotea.

Ushahidi niliukuta ndani ya /proc, mahali Linux inapoonyesha programu zinazoendeshwa, kwenye folda ya fd (orodha ya faili zilizofunguliwa) ya mchakato wenyewe. Pale Linux huonyesha faili iliyoshikiliwa kwa jina lake la sasa: auth.log.1. Siku niliyochelewa kukiwasha upya, ile ya zamani ilikuwa imeshabanwa kuwa .gz na nakala yake ya awali kufutwa. Kijiprogramu hakikujali. Kiliendelea kungoja mstari mpya kwenye faili isiyo na jina lolote, ambayo bado ilikuwa imekalia nafasi yake kwenye diski.