RTK, upimaji wa setilaiti unaosahihishwa papo hapo: kwa nini mpimaji ardhi huja na mashine mbili

Ukiwakuta wapimaji kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, huko Kibosho, Kilimanjaro, utaona mashine moja imesimikwa juu ya miguu mitatu mahali peupe, haisogezwi. Ya pili iko kwenye fimbo, na mtu anazunguka nayo kutoka isale hadi isale, mmea unaopandwa kuonyesha mpaka. Wengi hudhani ile iliyosimama ni ya akiba. Kumbe ndiyo iliyobeba kazi.

Setilaiti hutuma mawimbi yanayotaja wakati yalipotoka. Kipokezi, kama zilivyo mashine hizo mbili na simu yako, hupima yametumia muda gani njiani na kupata umbali. Kikipata setilaiti nne, kinajua kilipo. Lakini setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na anga huyachelewesha mawimbi kidogo. Kuchelewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300! Sehemu kubwa ya makosa hayo husahihishwa, lakini simu yako bado hukosea mita kadhaa. Kwa dereva si neno. Kwa kihamba chembamba, mita tatu ni mstari mzima wa migomba.

Hapo ndipo RTK inapoingia. Mashine iliyosimama huwekwa juu ya nukta ambayo mahali pake panajulikana tayari. Ikilinganisha pale ilipo na pale setilaiti zinaposema ipo, inaliona kosa la dakika ileile, na kuirushia mwenzake masahihisho kwa redio. Kwa kuwa zote mbili ziko chini ya anga moja, kosa ni karibu lilelile. Linalobaki ni sentimita moja au mbili.

Mkono wa mtu bado una nafasi yake. Fimbo ya mita mbili ikiinama nyuzi moja tu, nukta imehama sentimita tatu na nusu. Ndiyo maana mpimaji hakiachi kwa macho kile kiputo cha kipimamaji kwenye fimbo, kinachoonyesha kama imesimama wima. Majani ya migomba na mabati huyavuruga mawimbi pia.

Kosa baya zaidi halionekani shambani. Ramani nyingi za zamani nchini Tanzania zilifuata mfumo wa kutaja mahali kwa namba uitwao Arc 1960, ilhali GPS hufuata mwingine, WGS 84, na kwetu tofauti ya mifumo hiyo inakaribia mita 300. Ukichanganya mifumo hiyo kwenye namba za nukta ya kuanzia, ile iliyo chini ya mashine iliyosimama, pande zote za kihamba zitatoka sawa, eneo litatoka sawa, ila kwenye ramani kihamba kitakuwa kimekaa kwa watu wengine.