Maelezo ya zana si kijitabu cha mtumiaji

Ukiwaomba watu waliounda wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotumia modeli ya lugha kuhudumia wateja, wakuonyeshe maelezo ya zana yake ya kufungua tiketi (rekodi ya tatizo la mteja), usishangae kuletewa PDF yenye picha za skrini na mishale myekundu ya pa kubofya. PDF inaweza kuwa nzuri tu, ila siyo ulichoomba.

Maelezo ya zana ni maandishi ambayo modeli hutumiwa pamoja na kila ombi, kuijulisha kazi inayoweza kuagiza: jina la zana, inafanya nini, na inadai taarifa zipi kwa mpangilio upi, kwa kawaida kwa JSON Schema, namna ya kueleza umbo la data iliyoandikwa kwa JSON, maandishi yenye mpangilio ambayo programu huyasoma. Zana yenyewe tuiite fungua_tiketi. Inadai muhtasari, namba ya simu, ofisi, muda tatizo lilipoanza na uzito wake.

Msomaji wa maandishi hayo ni modeli, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Modeli haibofyi kitu. Wala haifungui tiketi: inatoa JSON yenye jina la zana na taarifa, kisha programu yenu ndiyo inayokwenda kwenye mfumo wa tiketi na kuirudishia jibu. Kwa hiyo kila ambacho mhudumu wa mapokezi angekijua kwa uzoefu, modeli itakijua tu kikiandikwa.

Chukua mtoa huduma ya intaneti mwenye wateja kuanzia Iringa mjini hadi Tunduma. Maelezo yakisema tu "hufungua tiketi", anayeuliza bei naye atafunguliwa tiketi. Sentensi zenye thamani kubwa ni zile za kukataza: usiitumie kwa maswali ya bei; mteja akitaka kujua tiketi yake imefikia wapi, tumia zana nyingine, tafuta_tiketi; namba ya simu ikikosekana, uliza, usibuni.

Halafu kuna mahali. Sehemu iliyoandikwa "mkoa" bila orodha ni mtego. Tunduma ilikuwa Mbeya hadi Songwe ilipotengwa mwaka 2016, na Makambako ilikuwa Iringa hadi Njombe ilipotengwa mwaka 2012. Maandishi ya zamani bado yako mtandaoni, na modeli inaweza kufuata ya upande wowote. Na mteja akisema yuko Soweto, mtaa wa Mbeya wenye jina la Soweto ya Afrika Kusini, je? Usiiulize modeli mkoa kabisa. Weka orodha funge ya ofisi zenu kwa enum (sehemu ya JSON Schema inayotaja majibu pekee yanayokubalika), na chini ya kila ofisi taja miji na mitaa inayohudumia.

Saa ndiyo inayoumiza zaidi, na anayenakili maelezo ya zana yaliyoandikiwa wateja wa Marekani hataiona mapema. Mteja akiandika "mtandao umekatika tangu saa tatu asubuhi", modeli isiyoelekezwa inaweza kujaza 03:00, na fundi akatafuta hitilafu kwenye kumbukumbu za usiku wa manane. Andika wazi: wateja wanahesabu saa kwa Kiswahili, saa tatu asubuhi ni 09:00, saa tatu usiku ni 21:00, zote kwa +03:00, yaani saa za Afrika Mashariki. Akisema "saa kumi" bila alfajiri wala jioni, aulizwe.

Uzito nao uwekewe mipaka, kwa sababu hakuna mteja asiyesema "naomba haraka". Dharura iwe, kwa mfano, huduma kukatika kabisa kwa wateja zaidi ya mmoja. Simu ni rahisi: +255 na tarakimu tisa, sufuri ya mwanzo iondolewe.

Watu husahau pia kwamba ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo, kwa kuwa nao unasomwa na modeli. Mfumo ukichelewa kujibu na programu ikarudisha neno "kosa" tupu, wakala anaweza kurudia, na mteja mmoja akabaki na tiketi tatu. Programu, si modeli, itoe ufunguo wa kipekee kwa kila tukio na kuutumia uleule inaporudia, ili mfumo utambue kuwa tiketi ipo. Kisha irudishe maneno yanayoelekeza: "Tiketi tayari imefunguliwa, namba ni hii, mpe mteja, usifungue nyingine."

Haya yote hayahitaji kurasa arobaini. Aya mbili tatu, na sentensi moja moja kwa kila sehemu, mara nyingi zinatosha. Maandishi yanakwenda na kila ombi na yanahesabiwa kwenye gharama, kwa hiyo porojo inalipiwa.

Ile PDF yenye mishale msiitupe, mhudumu mpya wa pale Mwanjelwa ataihitaji. Ila tiketi ya Tunduma ikitua Mbeya, kabla ya kusema wakala hakufuata nyaraka, fungueni ombi lililotumwa kwa modeli mtazame kama nyaraka hizo zimo.