Mgunga si mtu wa dodoso: kuchagua kitabu cha mbinu za utafiti wa ikolojia

Muhula huu tena, hapa Dodoma, nimepokea andiko la utafiti la mwanafunzi wa uzamili anayetaka kupima migunga 384. Nilipomuuliza namba hiyo ameitoa wapi, alifungua kitabu cha mbinu za utafiti wa jamii na kunionyesha jedwali la Krejcie na Morgan, linalotaja ukubwa wa sampuli inayohitajika. Kosa ni letu sisi walimu, tunaoamini kwamba kitabu chochote cha mbinu za utafiti kinamfaa mwanaikolojia.

Jedwali hilo la mwaka 1970 linafaa kwa kazi lililoundiwa, yaani kukadiria asilimia ya watu wenye sifa fulani waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kosa lisizidi asilimia 5. Lakini migunga iliyosimama pamoja inagawana udongo uleule, mvua ileile na mbuzi walewale. Mwanafunzi huyu alikusudia kulinganisha kilima kimoja kilichofungiwa mifugo na kingine kinacholishwa. Hata akipima miti 4,000, bado ana vilima viwili tu, na tofauti atakayoiona huenda imeletwa na mwamba ulio chini, wala si mbuzi. Mwanaikolojia Hurlbert alilieleza kosa hili, liitwalo urudufu bandia, mwaka 1984, akalikuta katika asilimia 27 ya tafiti 176 za majaribio alizozipitia.

Kwa hiyo kitabu nakifungua kwanza kwenye sura ya usanifu, nikitafuta mahali kinapomlazimisha msomaji aseme kitu anachokihesabu kuwa kimoja ni mti, kiwanja au kilima. Kisiposema, nakirudisha rafuni. Programu za takwimu tutazifundisha kwa kitini.

Hata hivyo nina shaka. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), na Kondoa ni moja tu. Kukataa kuichunguza kwa sababu haina rudufu, yaani maeneo mengine yaliyofanyiwa vivyo hivyo, ni kupoteza somo kubwa la mkoa wetu. Nafundisha kulinganisha kabla na baada, pamoja na maeneo kadhaa ya nje, lakini mwanafunzi akiniuliza maeneo mangapi yanatosha, jibu langu hubadilika mwaka hadi mwaka.

Mwanafunzi wangu amerudi na vilima sita, vitatu vimefungwa na vitatu vinalishwa, miti 20 kwa kila kimoja. Kamati imemuuliza kwa nini miti 120 haifiki 384, nami nimeandika barua ya kurasa mbili kumtetea.