Albamu ya Krismasi bila kinanda: maneno ya mtaani Tanga na ukweli wake

Kaskazi ikianza kuvuma na maduka ya Ngamiani yakitundika vimulimuli, spika za Tanga hurudi kwenye nyimbo zile zile. Miaka ya karibuni, katikati ya kwaya za usharika na bongo fleva zilizovalishwa kengele, zimejipenyeza albamu za vikundi vinavyoimba kwa sauti tupu, akapela, hasa Pentatonix wa Marekani. Maneno nayo hayakukawia. Mengine yanasemwa kwenye mazoezi ya kwaya Chumbageni, mengine barazani. Machache yana chembe ya ukweli.

"Hiyo ngoma ni mashine, wanatufanya wajinga"

Ngoma iko mdomoni. Pentatonix walianza wakiwa watano, watatu kati yao wakiwa wamesoma shule moja huko Arlington, Texas. Mwaka 2011 walishinda The Sing-Off, shindano la televisheni la vikundi vya akapela. "Mpiga ngoma" wao ni Kevin Olusola, ambaye baba yake ni Mnigeria. Kishindo kizito hutoka midomo ikifungwa kisha ikaachiwa ghafla, herufi "b" isiyofuatwa na irabu. Matoazi ni "ts". Ngoma ndogo yenye mlio mkali ni "k", na wazoefu huitoa huku wakivuta pumzi ndani, ili mdundo usikatike wanapohitaji hewa. Jaribu mwenyewe: b, ts, k, ts. Kuanza ni rahisi. Shughuli ni kuendelea dakika tatu nzima bila kuchapuka wala kuzubaa, huku wenzako wote wakikutegemea wewe kwa mwendo.

Anayebisha asikilize Dance of the Sugar Plum Fairy katika albamu yao ya That's Christmas to Me ya mwaka 2014. Muziki huo Tchaikovsky aliuandika kwa ajili ya baleti iliyooneshwa mara ya kwanza St Petersburg, Desemba 1892, na ala inayoongoza ni selesta, kinanda chenye mlio wa vikengele. Hauna neno hata moja la kuimba. Wale watano wakaugawana okestra nzima kwa midomo, na Februari 2016 ukawapa tuzo ya Grammy ya mpangilio wa muziki.

Chembe ya ukweli ni hii: studio ni studio. Kila mtu hurekodiwa kwenye maiki yake, sehemu nyingine hurudiwa na kupangwa moja juu ya nyingine, na sauti iliyopinda hunyooshwa kwa programu. Wapo hata wanaotumia kifaa cha kuishusha besi chini zaidi ya koo la binadamu. Mimi sioni dhambi hapo, maana kwaya zetu nazo prodyuza huzitia mwangwi mpaka chumba kidogo cha mtaani kikasikika kama kanisa kuu. Udanganyifu ungekuwa kuleta ngoma ya kompyuta na kuiita mdomo.

"Bila vyombo ni kazi ndogo, na bila kinanda lazima watoke nje ya ufunguo"

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu hata walimu wa kwaya wanaojua kazi yao hulisema.

Kwaya yenye kinanda ina mahali pa kujificha. Besi wakilala, mkono wa kushoto wa mpigaji unawafunika. Sauti ya pili wakisahau noti yao, wanaiokota hapo hapo. Ondoa kinanda uone. Hatari inayojulikana ni kushuka: mnaanza kwenye ufunguo mmoja, ubeti wa nne mko nusu toni (hatua ya kibonye kimoja cha kinanda) chini na hakuna aliyegundua, kwa kuwa mmeshuka wote pamoja. Ndiyo sababu mwalimu hubeba kifilimbi cha kutolea sauti, na akiwa mkali hukipuliza tena wimbo ukiisha, ili kila mtu aone aibu yake.

Lakini upo upande wa pili usiosemwa. Kinanda chenyewe hakiko sawasawa kabisa. Ili kiweze kupiga funguo zote, noti zake zimesogezwa kidogo kidogo kutoka mahali ambapo sikio lingezitaka. Wataalamu hugawa nusu toni katika sehemu 100 ziitwazo senti, na "mi" ya kinanda iko juu kwa karibu senti 14 kuliko "mi" inayotulia kikamilifu juu ya "do". Waimbaji wasiofungwa na kinanda wanaweza kuishusha hiyo "mi" mpaka itulie. Ikitulia, mnasikia sauti inatanda, kana kwamba ameongezeka mtu ambaye hayupo. Kwa hiyo kikundi kizuri cha akapela kinaweza kuwa sahihi kuliko kinanda. Kazi ndogo? Labda mtaokoa nauli ya kusafirisha vyombo. Muda mtaulipa mara mbili kwenye mazoezi.

"Albamu ya Krismasi ina nyimbo za Krismasi"

Linaonekana haliwezi kuwa kosa, lakini pitia orodha ya hiyo ya 2014. Umo Let It Go, wimbo wa filamu ya katuni. Umo White Winter Hymnal wa bendi ya Fleet Foxes, ambao hauna hori wala malaika. Winter Wonderland umeunganishwa na Don't Worry, Be Happy wa Bobby McFerrin, na huo una heshima yake humu: mwaka 1988 ulikuwa wimbo wa kwanza wa akapela kufika namba moja katika chati kuu ya nyimbo Marekani. Mwaka 2016 Pentatonix wakatoa A Pentatonix Christmas wakiwa wameutia humo Hallelujah, wimbo wa Leonard Cohen wa mwaka 1984. Ukifuata maneno yake ni Mfalme Daudi, mapenzi na moyo uliovunjika. Bethlehemu haimo.

Hata zile tunazoziona za Krismasi tangu utotoni zina asili nyingine. Jingle Bells, uliotolewa na James Pierpont mwaka 1857, unahusu vijana wanaojirusha na farasi kwenye theluji, Krismasi haitajwi. Carol of the Bells ni wimbo wa kwaya wa Kiukraine wa Mykola Leontovych, ulioimbwa Kyiv mwaka 1916, na ndani yake mbayuwayu anaruka kuingia nyumbani kumtabiria mwenye nyumba mwaka wa heri. Kengele zililetwa na maneno ya Kiingereza ya mwaka 1936. Haleluya ya Händel nayo, ambayo kwaya nyingi huitoa jasho Desemba, inafunga sehemu ya pili ya Masiya, sehemu ya mateso na ufufuko, na kazi hiyo ilisikika mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Nyimbo hizi ziliingia Krismasi kama wageni wa Tanga: waja leo waondoka leo, na wote tunajua hawakuondoka.

Wapo wanaosema nyimbo za theluji hazituhusu sisi tunaolala madirisha wazi. Leroy Anderson alianza kuandika Sleigh Ride, muziki wa safari ya kwenye theluji, Julai 1946, katikati ya joto kali. Anayeusikiliza Raskazone shati limemgandia mgongoni yuko karibu na mtunzi kuliko anavyodhani.

"Akapela ni ya Wasabato" na pacha wake, "akapela ni ya Wazungu"

La kwanza lina sababu. Wasabato wengi wa Afrika Mashariki wameilea sana, na Jehovah Shalom Acapella wa Uganda wanajulikana hadi huku. Take 6, wanaume sita waliozaliwa kimuziki katika chuo cha Kisabato cha Alabama, walitoa He Is Christmas mwaka 1991 na ikawapa Grammy upande wa jazi. Lakini kwaya ya papa katika Sistina, kanisa dogo la Vatikani, imeimba karne nyingi bila ogani, na Waorthodoksi wengi hadi leo hawaingizi chombo ibadani.

La pili halina hata sababu. Isicathamiya, uimbaji wa sauti tupu wa Wazulu, ilikomaa katika mabweni ya wafanyakazi wa Afrika Kusini, na Ladysmith Black Mambazo wa Joseph Shabalala waliifikisha duniani kupitia Graceland, albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986. Na hapa kwetu? Utenzi hughanwa kwa sauti ya mtu mmoja tangu enzi na enzi. Kaswida nyingi zina dufu, lakini zipo zinazorekodiwa kwa sauti tupu kwa sababu ya msimamo wa kidini kuhusu ala, na studioni sauti hupangwa juu ya sauti mpaka zijaze nafasi ya vyombo. Muislamu wa Makorora anayesikiliza kaswida za namna hiyo anaifahamu mbinu hii kuliko mwanakwaya wa jirani aliyezoea kinanda cha umeme.

Mawili ya haraka

Albamu ya Krismasi hairekodiwi Desemba. Zote mbili za Pentatonix nilizozitaja zilitoka tarehe 21 Oktoba, maana yake waliimba Krismasi wakati wenzao wakinunua aiskrimu. Ile ya 2016 ilifika namba moja katika chati ya albamu Marekani. Kwaya ya hapa inayoingia studio wiki ya mwisho ya Novemba inategemea albamu isikike mwakani.

Na si kila wimbo wa Krismasi ni mali ya umma. Usiku Mtakatifu, ulioimbwa mara ya kwanza Austria mwaka 1818, urekodi upendavyo. White Christmas una wenyewe, kwani mtunzi wake, Irving Berlin, alifariki mwaka 1989, na haki za mtunzi haziishi siku anapofariki. Mpangilio wa sauti nao una mwenyewe hata kama wimbo ni wa zamani. Ukiinakili sauti kwa sauti kazi ya Pentatonix, umechukua jasho la mtu. Pangeni wenyewe kwa solfa, muandike jina la mpangaji, na kabla ya kusambaza pitieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.