Dawa zinazonyamazisha jeni hazibadilishi vinasaba vyako

Wagonjwa wengi wakisikia "kunyamazisha jeni" hushtuka, wakidhani watabadilishwa vinasaba. Hofu hiyo naielewa, lakini dawa hizi haziigusi DNA kabisa.

Jeni hukaa ndani ya kiini cha seli. Seli ikihitaji protini fulani, hutoa nakala ya jeni husika, yaani RNA mjumbe, na nakala hiyo ndiyo husomwa ili protini itengenezwe. Dawa inawinda nakala. Yenyewe ni kipande kifupi cha RNA chenye nyuzi mbili, kila uzi ukiwa na herufi za kikemia zipatazo 21. Ndani ya seli uzi mmoja hutupwa. Wa pili hushikwa na protini za seli, ukaziongoza hadi kwenye nakala inayolingana nao, nayo ikakatwa. Uzi huohuo hukata nakala nyingine, na nyingine tena, na hiyo ni sababu mojawapo ya dozi moja kuweza kudumu miezi.

Andrew Fire na Craig Mello waliueleza mfumo huu mwaka 1998 kwa kuchunguza minyoo, wakapata Tuzo ya Nobel 2006. Dawa ya kwanza, patisiran, iliidhinishwa Marekani 2018. Kilichochelewesha ni usafirishaji: RNA tupu huharibiwa upesi kwenye damu. Siku hizi hufungiwa sukari maalumu inayonaswa na seli za ini, na sindano huchomwa chini ya ngozi tu.

Inclisiran, dawa ya kushusha lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL), ni mfano mzuri. Ini hutengeneza protini iitwayo PCSK9, inayoharibu vipokezi vya seli za ini vinavyoondoa lehemu mbaya kwenye damu. Utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kuwa Wamarekani weusi waliozaliwa na hitilafu inayoizima jeni ya protini hiyo walipata ugonjwa wa moyo kwa nadra sana. Dawa huiga bahati yao: lehemu mbaya hushuka kwa takriban nusu. Unachomwa sindano ya kwanza, ya pili baada ya miezi 3, kisha kila baada ya miezi 6. Kwa anayesahau vidonge, hilo si jambo dogo.

Bei bado ni kubwa mno, na hilo linaniuma. Pia karibu dawa zote za aina hii zilizoidhinishwa hufanya kazi kwenye ini. Hakuna iliyoidhinishwa kwa saratani, hivyo anayekuuzia hiyo mtandaoni anakudanganya. Nawe unayetumia statini, yaani vidonge vya kushusha lehemu, usiziache kwa sababu umesikia kuna sindano. Wengi wanaopewa inclisiran huendelea kumeza statini.